Mtu Aliyetoka Katika Kundi Linalofunga Akili



Somo la leo lajibu swali ambalo twaulizwa mara nyingi, mlangoni pa kanisa, sokoni, na hata msibani. Swali lenyewe ni hili: "Mtoto wetu ametoka katika kile chumba cha sala. Amekwisha kurudi nyumbani. Mbona bado anaogopa? Mbona anakaa nasi kama mgeni?" Wengine huuliza kwa hasira, maana walidhani kazi imekwisha siku ile aliporudi na mfuko wake mkononi. Twawajibu tangu mwanzo: aliyerudi siku ile ni mwili wake. Akili ingali kule, nayo haivutwi kwa mkono.

Kwanza tueleze ni kundi la namna gani tunalolinena, maana Kikula kuna makanisa mengi na vyumba vya sala vingi, wala si haki kuvitia vyote katika kapu moja. Tusipime kundi kwa ngoma zake, wala kwa sala za usiku, wala kwa jina lililoandikwa mlangoni. Kuna watu wanaokesha wakiimba hata alfajiri, kisha hurudi nyumbani wakiwa watu huru na majirani wema. Tulipime kwa mambo mengine. Je, mfuasi aweza kumwuliza kiongozi swali, na baadaye akaketi na wenzake kula kama kawaida? Je, akiondoka, watamsalimu njiani? Ni nani anayeamua mtoto mgonjwa apelekwe hospitali au asipelekwe, binti aolewe na nani, mshahara wa mwezi uende wapi, na mama aruhusiwe au asiruhusiwe kumzika ndugu yake asiye wa kundi? Ikiwa majibu yote yatoka kinywani mwa mtu mmoja, naye haulizwi na yeyote, hapo ndipo tunaposema: kundi hili lafunga akili. Na tuseme kweli yote. Kundi la namna hiyo laweza kuzaliwa hata ndani ya parokia, kati ya watu wanaoshika rozari.

Ili tusinene maneno matupu, twatoa mfano mmoja ambao dunia nzima iliusikia. Ulitokea Kenya, mbali na kwetu. Lakini mahubiri yake yalitolewa kwa Kiswahili, lugha hii tunayosema nanyi sasa.

Katika mji wa Malindi, pwani ya Kenya, Paul Nthenge Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi, alianzisha mwaka 2003 kanisa lililoitwa Good News International. Alihubiri kwamba mwisho wa dunia u karibu. Basi kidogo kidogo mafundisho yakazidi kubana. Shule ikawa ya shetani. Hospitali ikawa ya shetani. Namba mpya ya utambulisho iliyoletwa na serikali ikaitwa alama ya mnyama. Mwaka 2019 akafunga kanisa lake la mjini na kuhamia msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, mahali penye eka zipatazo 800. Watu wakauza mali yao wakamfuata kutoka sehemu nyingi za Kenya. Vijiji vya msituni vikapewa majina kama Bethlehemu na Galilaya. Mwezi wa Aprili 2023 polisi wakaingia msituni, wakakuta watu waliokonda hata wasiweze kusimama, na makaburi. Waliambiwa wafunge chakula mpaka kufa, ili wakutane na Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na watoto walikuwa wengi kati yao. Madaktari waliochunguza miili waliona kwamba wengi walikufa kwa njaa. Lakini wengine, hata watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie na wenzake walishtakiwa mahakamani, hata kwa mauaji ya watoto 191, nao wakakana mashtaka.

Hayo mmekwisha kuyasikia. Jambo tunalotaka mlitazame ni lile lililofuata, ambalo halikusemwa sana. Baadhi ya watu waliookolewa walikataa kula. Wengine walipokutwa porini waliwakasirikia waliokuja kuwaokoa, wakafumba vinywa mbele ya maji na uji. Na mwezi wa Juni 2023, majuma mengi baada ya kutolewa msituni, watu 65 waliokuwa wametunzwa katika kituo walikataa chakula siku kadha, hata serikali ikawapeleka mahakamani Shanzu, karibu na Mombasa, kwa kosa la kujaribu kujiua.

Fikirini jambo hilo. Mackenzie alikuwa kizuizini. Msitu ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na mlinzi mwenye rungu aliyesimama karibu na sahani. Chakula kilikuwapo, na hewa ya bahari, na watu wa kuwahudumia.

Swali: Basi ni nani aliyewazuia kula?

Jibu: Sauti iliyokwisha kupandwa ndani yao. Mhubiri hakuwa na haja tena ya kuwapo.

Hili ndilo tunalotaka mlifahamu kabla ya yote. Mtu aliyefungwa kwa kamba, ukikata kamba yuko huru. Mtu aliyefungwa kwa mafundisho amefundishwa kujifunga mwenyewe kila asubuhi, naye huona kufanya hivyo ni wema. Ukimwambia, "Fungua," husikia unamwambia, "Potea." Kwa hiyo tusimwone kuwa mpumbavu. Na kumpeleka mtu wa namna hiyo mbele ya hakimu kama mhalifu, twaona haikuwa dawa, ingawa twafahamu kwamba wenye mamlaka walihangaika kuokoa uhai. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria ile ya kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua haipatani na katiba ya nchi.

Sauti hiyo hupandwaje? Daktari mmoja wa Marekani, Robert Jay Lifton, aliwahoji huko Hong Kong, katika miaka ya 1954 na 1955, watu waliotoka China, ambako walikuwa wamelazimishwa kubadili fikra zao, wengine magerezani, wengine katika vyuo. Mwaka 1961 akachapisha kitabu juu yao. Hapo hapakuwa na dini, palikuwa na siasa. Lakini njia alizozieleza ni zile zile tunazoziona katika vyumba vilivyofungwa vya sala. Tutazitaja chache tu, zile tunazoziona hapa kwetu mara kwa mara.

Ya kwanza ni maneno. Kundi lina maneno yake mafupi, yanayomaliza kila mazungumzo. Tuseme kijana ahisi njaa siku ya tatu ya mfungo. Akisema, "Nina njaa," huambiwa: "Huo ni mwili." Akisema, "Namkumbuka mama yangu," huambiwa: "Huo ni ulimwengu." Akiuliza fedha zimekwenda wapi, huambiwa: "Hiyo ni roho ya uasi." Tazameni: kila jambo limepata jina, na jina lile limefunga mlango. Baada ya miaka miwili kijana huyo hana tena neno la kusemea njaa yake, wala upendo wake, wala mashaka yake. Atakaporudi nyumbani, mtamwuliza, "Una nini?" naye atanyamaza. Hawafichi. Hana neno.

Ya pili ni kwamba mafundisho huwekwa juu ya macho ya mtu. Akiona jambo kwa macho yake, na mafundisho yasema sivyo, basi macho ndiyo yaliyokosa. Mama amwona mtoto wake anadhoofika. Aambiwa kwamba mtoto anapata nguvu za kiroho. Mara ya kwanza anashangaa. Mara ya kumi anajilaumu kwa kuwa anamwona mtoto amekonda. Ndivyo mtu anavyojifunza kutojiamini. Na mtu asiyejiamini humhitaji kiongozi kwa kila hatua, kama kipofu anayeongozwa na yule yule aliyemfumba macho.

Ya tatu ni ungamo. Twalitaja kwa uzito, maana neno hilo ni letu pia. Katika makundi haya mtu huungama mbele ya wote, mara nyingi, hata mawazo yake ya usiku. Na yale aliyoyasema huwekwa, ili siku akitaka kuondoka yawe kamba ya kumrudisha. "Tutawaambia watu mambo yako." Tutarudi kwenye jambo hili hapo mbele.

Pale Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, palikuwa na kundi lililojiita la Kurudisha Amri Kumi za Mungu, chini ya Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Wafuasi walikatazwa kusema ovyo, wasije wakavunja amri kwa kinywa. Wakawa wanaonyeshana kwa ishara za mikono. Waliambiwa kwamba dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita. Wale waliokuwa wameuza mashamba na ng'ombe wakaanza kunung'unika na kudai mali yao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao likateketea, na mamia ya watu ndani yake. Kisha makaburi mengine yakagunduliwa katika nyumba za kundi hilo. Nasi wakatoliki tusijidanganye kwamba mambo hayo huzaliwa kwa wengine tu. Kibwetere alikuwa mkatoliki mwenye kuheshimiwa, na mmoja wa viongozi wenzake, Dominic Kataribabo, alikuwa amepewa daraja ya upadre. Twamtaja Kanungu kwa ajili ya ule ukimya hasa. Mtu aliyezoea miaka mingi kusema kwa vidole, huwezi kumketisha barazani siku ya kwanza na kumwambia, "Haya, tueleze yote yaliyokupata."

Katanga nayo ina historia yake. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, mtu wa Nyasaland aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, alihubiri katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akavuka mpaka kuingia kwetu. Ubatizo wake ulikuwa wa kuwatambua wachawi: aliyeshindwa kuzama vema majini aliitwa mlozi, akauawa. Upande huu wa mpaka walikufa zaidi ya mia moja. Alikamatwa, akahukumiwa, akanyongwa mwaka 1926. Baadaye mafundisho ya Kitawala yalienea kati ya wafanyakazi wa migodi na wa reli. Hatusemi Kitawala na Mwana Lesa ni kitu kimoja, wala hatusemi Kitawala ni Shakahola. Wengi waliifuata kwa kuwa walitafuta haki katika siku ambazo haki ilikuwa haba. Twaitaja kwa sababu nyingine. Serikali ya wabelgiji iliwakamata wafuasi na kuwapeleka uhamishoni, mbali na makwao, ikidhani mafundisho yatakufa upweke. Hayakufa. Yalichipuka huko huko walikopelekwa, na mwaka 1944, katika nchi za Masisi na Lobutu, yakatoka maasi yaliyoongozwa na Bushiri Lungundu.

Kwa nini twawakumbusha habari hiyo? Kwa sababu baba wengi wa Kikula hufanya kama serikali ile. Kijana akirudi kutoka chumba cha sala, hupelekwa upesi kwa mjomba shambani, apotee machoni pa majirani na kulima. Hakuna wa kusema naye huko. Analima mchana, na usiku anarudia maneno yale yale kichwani, peke yake.

Sasa tuje kwenye namna ya kumpokea.

Tuanze na mwili, maana hapo twaona kosa linaloweza kuua. Ikiwa mtu amefunga chakula siku nyingi, msimpikie karamu. Mwaka 1945, kambi za mateso za Ulaya zilipofunguliwa, wafungwa wengi waliokuwa wamekondeshwa na njaa walikufa baada ya kula sana kwa furaha ya kuokolewa. Madaktari waeleza sababu yake: mwili uliozoea kukosa, ukipata chakula kingi ghafula, chumvi fulani za damu kama potasi na fosfeti hushuka upesi, na moyo waweza kusimama. Basi mpelekeni kwanza hospitali. Waganga watampa kidogo kidogo, wakipima damu yake. Mama anayetaka kumwonyesha upendo mwanawe kwa sahani kubwa ya bukari siku ile ile aliyorudi, na angoje.

Na kama ilivyo kwa mwili, ndivyo ilivyo kwa akili. Nayo haiwezi kupokea yote mara moja. Wapo wasomaji wazuri wa Biblia wanaomngojea mtu huyu mlangoni wakiwa na mistari arobaini ya kuyapinga mafundisho ya kundi. Mabishano hayo hayamsaidii. Yeye alikwisha kufundishwa kwamba mtabishana naye. Kila mstari mnaousoma unathibitisha kwamba kiongozi wake alisema kweli. Isitoshe, kundi lilimzoesha mashindano ya mistari, wala halikumzoesha kukaa kimya na watu wanaompenda.

Kumbukeni habari za nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Alikuwa amekimbia jangwani, amechoka, akaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Akamwamsha mara ya pili, akampa tena chakula. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye sana, baada ya safari ndefu. Twapenda kuwaambia makatekista wenzetu wasome sura hiyo kabla ya kwenda kumtembelea mtu wa namna hii, kisha waende na unga au sabuni, wakae nusu saa, waondoke.

Usingizi nao ni dawa kubwa. Makundi mengi huwanyima watu usingizi kwa mikesha mfululizo, na mtu asiyelala huamini upesi kila anachoambiwa. Aacheni walale, hata mchana, hata majuma kadha. Wala msishangae akiamka usiku akipiga kelele. Ngurumo ya mvua ya Novemba, king'ora cha kiwanda, taa kuzimika ghafula, vyote vyaweza kumfanya adhani siku ile imefika. Msimcheke. Mwambieni kwa upole jina la kitu: "Ni mvua. Ni umeme umekatika. Ni sisi." Baada ya muda atayasema mwenyewe.

Tukisema juu ya kujiamini kulikovunjwa, dawa yake ni mambo madogo. Mwulizeni, "Leo tupike sombe au samaki?" Atajibu, "Kama mnavyotaka." Kesho mwulizeni tena. Mwulizeni avae shati lipi, aende sokoni au abaki. Watu wengine huona maswali hayo ni ya kitoto. Lakini mtu aliyeamuliwa kila kitu miaka minne, siku atakayosema, "Nataka samaki," amefanya kazi kubwa kuliko kusema sala ya saa tatu. Na akiuliza swali juu ya Mungu, hata swali la kukufuru masikioni mwenu, msimkatize. Watu wa Beroya walichunguza Maandiko kila siku wapate kujua kama maneno ya Paulo ni kweli, na Matendo ya Mitume yawasifu kwa hilo, wala Paulo hakuwafukuza.

Sasa twasema jambo litakalowaudhi wengine. Twaona watu wenye nia njema wakimtoa ndugu yao katika chumba kimoja cha sala na kumpeleka mbio katika kingine, ili "afunguliwe." Huko anaambiwa ana pepo, afunge tena siku tatu, alale tena sakafuni, aungame tena mbele ya wote. Ugonjwa ulioanza kwa mfungo wataka kuuponya kwa mfungo! Hapo amebadili bwana tu. Na sisi pia twaweza kutenda kosa hilo kwa upole zaidi. Tumeona mtu aliyetoka katika kundi majuma mawili tu akisimamishwa mbele Jumapili atoe ushuhuda, watu wakapiga vigelegele, na jina lake likaandikwa siku ile ile katika daftari la wakatekumeni. Alikwenda nyumbani akitetemeka. Daftari halikimbii. Mtu huyo ahitaji kwanza mahali ambapo hakuna anayemhesabu.

Tufike sasa penye uchungu zaidi. Kuna waliotoka kundini wakiwa na deni ambalo halilipiki. Baba aliyeuza kiwanja cha watoto. Dada aliyemleta mdogo wake kundini, na mdogo angali huko. Mama aliyekataa kumpeleka mtoto hospitali, na mtoto akafa. Shakahola wazazi wa namna hii ni wengi. Familia nyingine zilingoja karibu mwaka mzima kabla ya kupewa miili: miili ilipimwa kwa vinasaba ili ijulikane ni ya nani, na ya kwanza ikakabidhiwa kwa jamaa mwezi wa Machi 2024.

Mama kama huyo, tumwambie nini? Tukisema, "Si kosa lako, ulidanganywa," hataamini, maana ajua ni mikono yake iliyomshika mtoto. Tukisema, "Umeua," tunammaliza. Yote mawili yamo katika habari yake: alidanganywa, na mikono ilikuwa yake. Itachukua muda mrefu hata aweze kuyashika yote mawili bila kuanguka. Kwa sasa yafaa kuketi naye, na kumtaja mtoto kwa jina. Watu huogopa kulitaja jina la marehemu. Lakini kundini alizuiwa asimlilie, akaambiwa afurahi. Mruhusuni alie kama wanavyolia akina mama wote wa Kikula, mkeka chini na majirani wamemzunguka. Naye padre asimharakishie Kitubio. Neno "ungama" kwake ni jina la mateso. Na aelezwe, siku atakapouliza mwenyewe, kwamba siri ya maungamo kwetu haivunjwi, na kwamba hakuna atakayemlazimisha kuja.

Neno moja juu ya watoto. Katika nchi yetu kuna watoto walioitwa wachawi na wahubiri, wakafungishwa chakula, wakapigwa, wakamwagiwa vitu machoni ili wachawi watoke, kisha wakafukuzwa nyumbani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 yakataza vilevile na kuweka adhabu. Wengi wenu mwajua hayo. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mtoto mwenyewe huamini. Ameambiwa na watu wazima wote aliowaheshimu kwamba alimla bibi yake usiku katika ndoto, basi akubali. Hata akipata nyumba nzuri ya kumpokea, atakaa mbali na mtoto mchanga wa nyumba hiyo, akiogopa asimdhuru. Mwanamke anayemlea amweke mtoto mchanga mikononi mwake, yeye mwenyewe akiwa karibu. Afanye hivyo kesho, na kesho kutwa. Hatuna maneno yenye nguvu kuliko uzito wa yule mtoto mchanga anayesinzia mikononi mwa mtu aliyeitwa mlozi.

Tumalize kwa maswali matatu.

Swali: Je, mtu aliyetoka aweza kuwakumbuka wenzake wa kundi na kuwapenda?

Jibu: Ndiyo, tena ni kawaida. Kundini alipata nyimbo, marafiki, kazi ya kufanya, na jina jipya. Mara nyingi aliingia akiwa mgonjwa, au mjane, au kijana asiye na kazi, siku ambazo sisi majirani tulikuwa hatupiti mlangoni pake. Msimlazimishe kusema kwamba yote yalikuwa mabaya. Akisema, "Kule tuliimba vizuri," mwitikieni.

Swali: Vyeti vyake vya ndoa, vya kuzaliwa, vya shule, vimechomwa. Tufanye nini?

Jibu: Mwende naye ofisini, katika komuni, asiende peke yake. Mtu aliyefundishwa kwamba karatasi za serikali ni za shetani aweza kuzimia penye foleni. Kwa shule, semeni na mkuu kabla ya siku ya masomo, mtoto aingie darasa analoliweza, bila kutangazwa habari zake mbele ya wenzake. Cheti cha ubatizo, ikiwa alibatizwa kwetu, kimo katika vitabu vya parokia, akikitaka ataandikiwa.

Swali: Rafiki yake aliyebaki kule amempelekea salamu, ataka waonane. Tumzuie?

Jibu: Msimfungie mlango, alikwisha kufungiwa vya kutosha. Lakini asiende huko. Mwambieni rafiki aje hapa, mchana, akute watu wa nyumba, apewe kiti na maji ya kunywa, waongee barazani. Huenda asije. Akija, mpikieni naye, wala msimwulize neno lolote juu ya kundi, ila akianza mwenyewe. Na wakati wa kuondoka mmoja wenu amsindikize mpaka barabara kuu, amwambie ni siku gani mko nyumbani.